Birika ya shefu

Alhamisi (jeudi), mangaribi

Kuanzia leo chai ya labo, chumba chetu cha kupima damu, sigusi tena.

Mama Neema alileta mutoto wake wa wiki sita. Dawa za SIDA (UKIMWI) alimeza mimba yote, hakuruka hata siku moja, na leo mashini ingemwambia kama virusi vilifikia mutoto ao hapana. Nikamutoboa mutoto kisigino, nikaweka damu mu mashini. Ikibakia dakika kumi, shefu wetu, mukubwa wa labo, mutu wa diploma tatu, akachomoa waya ya mashini na kuchomeka birika yake ya umeme!

Kipimo kikakufa. Sasa ni kuanza upya, kutoboa kisigino cha pili.

"Mwambie courant ya umeme ilikatika," shefu akaninongoneza.

Nilikataa. Nilimwambia mama ukweli. Hakulia. Alikaa karibu na prise, pale waya ya mashini inachomekwa, mutoto ku mapaja, akailinda kama askari wa mupaka. Mimi nilikuwa nahesabu dakika. Jibu likitoka baya, nitamwangalia na macho gani?

Jibu likatoka: virusi haviko. Mutoto atarudi kupimwa tena, sababu bado ananyonya, lakini leo haviko.

Mama akafunga mutoto mugongoni, akageukia shefu:

"Muzee, sasa unaweza kuchemusha chai yako."