Shangazi Anataka Tuigize Harusi kwa Ajili ya Viza

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi ipokee hivyohivyo, leo mwenye shida ni mimi.

Mimi ni fundi makochi, mwanamke, na hilo nalisema mapema maana watu wakisikia fundi makochi wanachungulia nyuma yangu kumtafuta mwanaume. Nina karakana yangu, ndogo lakini yangu, imejaa sponji mpaka darini, na hapa mjini hakuna mtaa usio na sebule ambayo watu wamekalia kazi ya mikono hii. Nimeolewa na mtu wa nje, fundi wa mashine za hospitali, tulikutana aliponiletea kiti cha daktari kilichochanika akasimama mlangoni kunielekeza namna ya kukishona, nikamwambia baba, mimi sijaja kwako kukufundisha mashine, akacheka mpaka akakaa chini, na sasa ni mwaka wa nne tunaishi nyumba moja, tunagombea rimoti moja, na Kiswahili chake, japo alianza kwa kumwamkia paka shikamoo, leo kinamchekesha mama yangu kuliko changu.

Sasa mkataba wake umekwisha na hospitali haiongezi, mama yake kule kwao yuko peke yake na macho yanazidi kumfifia, kwa hiyo tumekubaliana tukaishi naye, nami nimeridhia kwa moyo mweupe, makochi yapo kila nchi. Tumeomba viza ya mwenza, cheti cha ndoa kipo, mahojiano ubalozini ni wiki ijayo. Basi akaja wakala anayetusaidia maombi, mtaani tunamwita Balozi kwa jinsi anavyofunga tai hata akienda kununua chumvi, akapekua faili akauliza, "Picha za harusi ziko wapi?" Nikamwambia hakuna. "Hakuna kivipi?" Hakuna, ndugu yangu, sisi tulioana kwa msajili asubuhi ya siku ya kazi, mashahidi mama yangu na seremala jirani, kwa sababu mimi nilikuwa na oda ya makochi ya hoteli nzima, oda kubwa kuliko zote nilizowahi kushika, na hospitalini kwa mume wangu mashine ya eksirei ilikuwa imekufa wagonjwa wamejaa kwenye benchi, kwa hiyo kabla ya saa sita mimi nilikuwa chini ya kochi na pini mdomoni, na gauni nililoolewa nalo likaingia gundi. Picha ipo moja, aliipiga mama kwa simu, nusu yake ni kidole chake. Balozi akashika kichwa, akasema faili kama hilo wanalitupa, watasema mmeoana kwa ajili ya karatasi.

Hapo ndipo shangazi alipoingia. "Niachieni mimi!" Unamjua mtu akisema niachieni mimi? Amekodi ukumbi, ameazima gauni jeupe, amepata mpiga picha, amewapanga ndugu wa kukaa mstari wa mbele na kutoa machozi, na Balozi ameahidi kwamba picha zitaandikwa tarehe ileile ya kwenye cheti. Ni Jumamosi hii. Na kwa kuwa nywele za mume wangu zimemkimbia tangu siku ile, shangazi kasema, "Mkwe tutamvika kofia, nani atamvua?" Mama amegoma, anasema yeye alishashuhudia mara moja na msajili akamsikia. Lakini mume wangu, mtu ambaye akiharibu mashine anakwenda mwenyewe kwa mkubwa kusema ni mimi, safari hii amenywea kabisa. "Mke wangu," kaniambia, "nikikuacha hapa nitakuwa mtu wa namna gani? Nitavaa hiyo kofia."

Nilimfokea, mshauri. Nilimwambia mimi si mke wa maigizo, kama anataka mwigizaji akamwoe, tukalala tumegeuziana migongo. Na kinachonitia aibu kukiandika ni hiki, kwamba juzi shangazi aliniletea lile gauni nijaribu, nikajitazama kwenye kioo cha kabati, nikalia, na sikulia kwa hasira, nililia kwa sababu nilipendeza, na nikajua kwamba miaka yote hii nilikuwa naitaka harusi na nilikuwa najidai siitaki. Sasa sielewi kama nakataa kwa sababu ni uongo au ni kiburi changu tu, na nikikataa, kisha mume wangu akapanda ndege peke yake, nitajisamehe vipi? Niambie, nivae au nisivae?

Ni mimi, Fundi Makochi.

*

Fundi Makochi, marahaba. Nimekuzidi umri na nimekuzidi ukali, kwa hiyo kaa vizuri.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimejikuta nakupigia makofi peke yangu ofisini mpaka mhariri akachungulia. Umetoka kwa msajili ukaingia chini ya kochi, umemaliza oda ya hoteli, umejenga karakana na nyumba yenye amani, halafu unatetemeka kwa sababu mvaa tai mmoja hakuona picha ya keki! Hebu inua kichwa, mwanangu.

Ila hapo kwa mumeo umenikera. Mtu asiyejua hata kuficha kosa lake kazini amekubali kuvishwa kofia ya uongo kwa kuogopa kukukosa, nawe unamwambia akaoe mwigizaji? Leo hii, kabla hujashika mkasi, kamwombe radhi. Na usimwombe kwa ujumbe wa simu, mwombe kwa mdomo wako.

Kuhusu mpango wa shangazi, jibu ni hapana, na usinizungushe. Tuseme mmefika ubalozini. Ofisa anainua picha anauliza, huyu bibi anayelia mbele ni nani, ilikuwa saa ngapi, mlikula nini? Wewe utasema kuku, yeye atasema samaki, na kwa jinsi ulivyonieleza, mumeo huyo atavua kofia mwenyewe kabla hajaulizwa. Hapo ndoa yenu ya kweli ndiyo itakayoandikwa ya uongo, na ushahidi mtakuwa mmewapelekea wenyewe. Wanaweza kuwafungia mlango kwa miaka, na mama mkwe wako kule anapapasa ukuta.

Sasa fanya kazi kama fundi. Faili lako litoke mikononi mwa huyo Balozi leo, na kama ana tarehe za kubandika, akabandike za kwake. Chukua mkataba wa nyumba wenye majina yenu. Mama yako na seremala waandike walichokiona kwa macho yao siku ile. Wakubwa wa mumeo hospitalini waandike wanavyokufahamu. Tafuta picha zenu za siku za kawaida, zile mlizopiga bila kuoga, na ile yenye kidole cha mama iwe juu kabisa, maana hakuna tapeli atakayepoteza muda kutengeneza picha mbaya kiasi hicho. Na mwandike wenyewe, kwa maneno yenu, kwa nini hamkufanya sherehe. Oda ya hoteli na mashine ya eksirei ni sababu ya heshima. Iseme bila kuinamisha shingo.

Umeuliza kama ni kiburi. Kipo, tena kingi. Kiburi ndicho kilichokufanya ujidai hutaki harusi, huku mumeo angekufanyia siku yoyote kama ungefungua mdomo. Lakini hicho kinachokataa uongo ni utu wako, na hicho usikiguse.

Kwa hiyo gauni vaa! Jumamosi hiihii. Ukumbi umeshakodiwa, na shangazi wa aina hiyo hazuiliki hata kwa polisi. Mwambie tu kwamba tarehe itakayoandikwa ni ya Jumamosi, mkwe atakaa kichwa wazi, na wageni wataambiwa ukweli, kwamba hawa wako ndoani mwaka wa nne na leo ndiyo wamepata nafasi ya kufurahi. Mama yako atakuja, tena atakuja mapema. Anayetaka kulia na alie, atakuwa na sababu.

Sikuahidi viza, hiyo haiko mfukoni mwangu. Huenda wakawanyima mara ya kwanza, na mumeo akatangulia kwa mama yake ukabaki unahesabu wiki, na itauma. Lakini utakuwa umetoka mle ubalozini mke wa mtu, na utaomba tena ukiwa mke wa mtu, kwa maneno yaleyale bila kukumbushana mlisema nini. Ukipita kwa uongo, utakaa kule ughaibuni kila mlango ukigongwa unashtuka, na mumeo naye anashtuka, na hamtathubutu kuulizana kwa nini.