Picha ya Nyuma ya Mlango

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ututoke, na viatu vyako vya kiwandani bado viko mlangoni. Mama hataki viguswe.

Wengine walikuita tajiri wa sabuni. Kiwandani walikuita Bwana Povu, nawe ulijua, ukajifanya hujui. Ulianza na sufuria moja uani, na hukuona haya kuwaambia hivyo hata wageni wenye tai. Asubuhi ulikuwa wa kwanza getini, ukinusa mvuke na kusema, "Leo magadi yamezidi." Hukukosea hata siku moja, na ulituchosha kwa hilo.

Chumba chako cha picha kilikuwa na ufunguo mmoja, nao ulining'inia shingoni mwako. Tuliingia kwa ruhusa, miguu mitupu, mikono nyuma. Picha mia na kumi na mbili, na hakuna hata moja iliyoandikwa jina la mchoraji. "Yote yamo humu," ulisema ukijigonga kichwa.

Ulituachia ombi moja tu: zisitenganishwe. Lakini jumba la makumbusho likasema picha zisizo na majina halizichukui, na wanunuzi wakaanza kubisha hodi, kila mmoja akitaka zake mbili tatu. Tulikaribia kukata tamaa.

Ndipo mpishi wa kantini alipokuja kutupa pole. Akasimama mbele ya ukuta wa picha, akacheka.

"Hii si ya yule mpaka rangi wa magari? Mzee aliitundika kantini wiki nzima, tukala huku tunabishana. Zote zilipita kwetu kwanza, na wachoraji wenyewe walikuja kula nasi."

Hatukujua, Baba. Ilituuma kidogo, kisha ikatufurahisha sana. Wafanyakazi wakaja zamu kwa zamu, wakabishana, wakataja majina, binti yako mdogo akiandika.

Ikabaki moja nyuma ya mlango: mwanamke anakoroga sufuria, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake.

"Ya mzee mwenyewe hiyo," mpishi akasema. "Tulimcheka mpaka akaificha."

Mama aliitazama sana. "Sufuria yangu hiyo," akasema.

Hatuzipeleki popote tena: wiki ijayo chumba chako kinafunguliwa kwa kila mtu, picha zote zikiwa pamoja, na hiyo ndiyo ya kwanza ukiingia. Jina lako liko chini yake.

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, wajukuu, na zamu zote mbili za kiwandani. Daima tutakukumbuka, Bwana Povu. Leo usijifanye hujui.