Fundo la Mpira kwenye Tochi ya Museme

Jumanne, Bukavu. Mvua ilianza kabla sijaamka, na sasa ni alasiri bado haijakatika. Ziwa halionekani. Nimekaa mezani, upande ambao haukuungua.

Sihisi kitu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Wanaonisoma hapa wanajua mchezo wangu wa uzeeni. Nanunua tochi za kichwani za bei rahisi pale sokoni Nyawera, natoa taa yao hafifu na kuweka LED yenye nguvu. Betri yao naitupa, naweka ya lithiamu niliyoitoa kwenye kompyuta iliyokufa. Jana mchana moja ya tochi hizo ilishika moto ikiwa kwenye chaja.

Nilikuwa palepale, nasoma. Nilisikia mlio kama wa sufuria inayosukuma mfuniko, kisha mwali mweupe ukatoka mkiani mwa tochi. Kitambaa cha meza kikashika. Wabiwa, mke wangu, aliingia na beleshi, akaichota, akaitupa uani kwenye matope.

“Papa Neema,” akaniambia, angali anakohoa, “vitabu vyote unasomaka, ukurasa wa moto uliuruka?”

Nilikuwa naangalia mpira niliofungia tochi, unavyoungua kule matopeni.

Sisi watu wa huku tunafunga kila kitu kwa mpira wa ndani wa gurudumu, uliokatwa vipande virefu kama kamba. Mpini wa jembe, bidoni la maji, mzigo wa baiskeli, bomba linalovuja. Mkono unafunga kabla kichwa hakijauliza. Tochi ile niliizungushia mpira kutoka mbele hadi nyuma, nikaukaza kwa meno, ili maji yasiingie. Maji hayakuingia. Joto nalo halikutoka, wala ile hewa ambayo betri huitoa inapozidiwa haikupata njia, mpaka ikajitengenezea yenyewe.

Nilikuwa nimetengeneza mbili, siku moja, kwa mikono ileile.

Ya pili iko kichwani mwa Museme.

Museme ni mtoto wa dada yangu, mtu mzima mwenye watoto wake. Anachimba dhahabu upande wa Shabunda, kulekule nilikotoka zamani na mfuko wa vitabu nikidhani nitarudi baada ya mavuno. Dada yangu hakutoka. Alipofariki, aliyebaki kwa upande wake ni huyo mmoja. Alikuja mwezi uliopita akaomba tochi isiyoogopa maji ya shimoni. Nikamfungia fundo mbele yake, akainamisha kichwa nikamvika.

Kule anakochimba simu haishiki. Kuna foni, ile redio ya waya mrefu juu ya mti ambayo watu wa misitu wanaitana kwayo mpaka leo. Asubuhi nilishuka Nyawera kwenye mvua, kwenye chumba kimoja cha foni ninachokijua. Mwendeshaji ni mama mwenye sauti ya kuamuru. Humo hakuna siri. Ukiongea, benchi zima linasikiliza.

“Ukimaliza useme à vous, ajue ni zamu yake, Papa. Usiposema, mutaongea wote wawili sawa walevi ku matanga.”

Aliita. Huko mtu akatumwa kwenye mashimo. Nikangoja. Mama mmoja pembeni yangu, aliyekuja kuulizia nguruwe wake, aliniuliza nina kilio gani. Nikamwambia tochi.

“Tochi?” akaangalia wenzake. “Muzee amelowana hivi juu ya tochi!”

Wakacheka. Sikuona ubaya. Sikuona kitu chochote.

Kisha sauti ya Museme ikaja, na nyuma yake jogoo anawika. Jogoo wa kwetu. Nilimsikia vizuri kuliko nilivyomsikia mpwa wangu.

“Tonton, mjomba, niko. Nani amekufa? À vous.”

Nikamwambia hajafa mtu. Nikamuuliza kama mpira ungali kwenye tochi.

“Ungali. Iko inanichoma ku uso tangu juma lililopita, mpaka ngozi ilitoka. Lakini ni fundo yako, Tonton. À vous.”

Hapo mama wa nguruwe akasogea karibu na redio.

Nyumbani kwetu, kitu ambacho mjomba amekifunga kwa mkono wake, mpwa hakifungui mpaka mjomba aseme. Nililelewa hivyo. Dada yangu alimlea hivyo, na mimi nilikuwa nimesahau kwamba mtu bado anaishika desturi hiyo. Nilifunga plastiki na betri. Yeye alivaa neno la mjomba wake, likamchubua ngozi, akashuka nalo shimoni kila siku.

Nilisema, “Kata. Ni mimi nasema. Kata sasa, toa betri, uipeleke mbali na nyumba, usiichaji tena kabisa.” Nikasahau à vous.

“Papa,” mwendeshaji akanigusa bega. “Anangoja. Sema à vous.”

Nikasema.

Kelele za redio. Jogoo. Kisha: “Nimekata, Tonton. Betri imevimba sawa andazi. À vous.”

Yule mama wa nguruwe ndiye aliyeinama kwenye kipaza sauti akamwambia, “Upake mafuta ku uso, mwanangu. À vous.”

Sasa kwa nyinyi mnaofungua tochi. Betri iliyochubuka ganda, iliyobonyea au kuvimba, msiitumie hata kama bado inawasha. Msiweke ya zamani pamoja na mpya. Msichomelee waya kwa moto juu ya betri yenyewe. Tafuteni kile kibao kidogo kinachokata umeme betri ikijaa. Mimi nilikiona kinakula nafasi, nikakiacha. LED yenye nguvu inataka chuma cha kubeba joto lake, na msiiangalie usoni kuijaribu. Kuchaji ni juu ya kigae au sahani ya udongo, mtu akiwepo, mbali na pazia na kitanda. Ikianza kulia, tokeni, msivute ule moshi. Beleshi la Wabiwa lilikuwa bahati, msilifanye fundisho.

Na mpira, hapana. Tochi ya shimoni inunuliwe ikiwa imetengenezwa kwa maji tangu kiwandani.

Wabiwa ameniuliza kama nimekula. Sikumbuki. Ameweka sahani upande usioungua, akaondoka bila mzaha wowote.

Paji la uso la Museme sijaliona. Nimejaribu kulifikiria, linakuja la mama yake.

Kuanzia leo, atakayetoka hapa na kitu nilichokitengeneza nitamwambia mlangoni, kwa sauti, kabla hajainamisha kichwa: ikikuchoma, vua. Usiningoje mimi.