Kaburi Lako Limechipua

Kigera, Musoma

Kaka Magesa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Kaburi lako limechipua.

Hatukukuzika wewe. Wapagazi wenzako walishuka Kilimanjaro wakasema ukungu uliwatenganisha, wakaleta sweta lako tu. Wazee walingoja, mwisho wakafanya kama inavyofanywa kwa mtu asiyerudi: wakang'oa mgomba, wakauvika sweta, wakauzika nyuma ya nyumba. Tangu siku hiyo mama aliacha kukufunikia chakula cha jioni. Akaanza kulala.

Mvua ya kwanza ilipopiga, nikakuta chipukizi juu ya kaburi. Nililikata kabla mama hajaamka. Likarudi. Nimekuwa nikilikata mpaka sasa, na kila mara naligusa kwanza, kwa sababu ni la baridi, kaka. Hata jua la saa sita likiwaka, jani lake ni baridi kama maji ya mtungini. Na linainama upande mmoja tu, mashariki, uliko mlima.

"Unaendaga wapi na panga alfajiri?" mama aliniuliza juzi.

"Kukata majani ya mbuzi."

"Mbuzi gani, na wote wako kwa mjomba wako Bunda?"

Nikachukua ndoo nikaenda ziwani. Unanijua, maneno hunikwama.

Sasa shule imenichagua kupanda mlima huohuo, tupeleke bendera kileleni kwa sherehe za Uhuru. Kila jioni tunabeba mifuko ya mawe toka mtaa wa Mukendo hadi kwenye miamba ya ziwani, tunapanda, tunashuka. Mwalimu wa jiografia yuko mbele: "Taratibu, vijana. Huko juu hewa ni kidogo, mwenye haraka atatapika." Wenzangu wanacheka. Mimi huwa wa mwisho kwenye mstari, na bado nasikia mtu akihema nyuma yangu.

Mwalimu akiniuliza kwa Kiingereza, namwambia siogopi. Kwa Kiswahili nashindwa.

Nakumbuka asubuhi uliyoondoka na lori la pamba. Ulizunguka uani na zile buti zako kuukuu za jeshi, zenye misumari chini, kuku wakatawanyika.

"Vua hayo mabuti," mama akasema, "kuku wangu wataacha kutaga."

Ukanipa moja nijaribu. Mguu wangu ukapotea ndani.

"Nikirudi zitakuwa zako," ukasema.

Mlima wenyewe siuogopi sana. Nikiwa huko, nani atalikata chipukizi? Mama akiliona ataamini u hai, ataanza tena kufunika sahani na kukaa mlangoni, na safari hii sijui kama atainuka. Nilitaka mwalimu achague mwingine. Lakini nataka kufika pale walipokupoteza, nikuite kwa jina. Kama umekufa, upumzike. Kama u hai, sijui nitasema nini.

Leo asubuhi nilisimama na panga, mkono ukakataa. Nimeliacha. Mama yuko shamba la ujamaa mpaka jioni. Akirudi nitamwonyesha mwenyewe, kabla hajaliona peke yake.

Subiri.

Kuku wanatawanyika uani. Mama huvaa katambuga za tairi, hukokota mguu wa kushoto. Hizi ni hatua nzito, na zina misumari. Hazibishi hodi. Zimefika mlangoni. Naficha karatasi chini ya godoro.

Mdogo wako,
uliyemwahidi buti