Herufi Moja ya Kufuta

Jumatatu, 13 Novemba

Mwalimu Tuulikki ameingia darasani na vipigia nzi viwili. Nje theluji tupu – nzi watoke wapi? Kumbe ni mchezo wa Kiingereza. Ameandika he upande mmoja wa ubao mweupe, she upande wa pili. Anataja mtu, wanafunzi wawili wanakimbilia kupiga neno lake. Shangazi: she. Mfalme: he. Rahisi kusema! Sisi Wafini tumezoea hän tu, awe mume awe mke, na hakuna anayeuliza zaidi.

Nimeshinda kila nilipoitwa. Mvulana mmoja, Okko, alimfanya bibi yake he, kisha mkuu wa shule, mwenye ndevu hadi kifuani, akamfanya she. Mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Okko akamwambia kwa adabu kwamba hiyo ni heshima. Nilicheka mikono yote miwili ikiwa mdomoni.

Jumanne, 14 Novemba

Hilppa, shoga yangu ninayekaa naye dawati moja, amenikuta nikimtazama Okko akimenya chungwa. Amesema macho yangu yatatoboa ganda. Nikamwambia natazama dirisha. Dirisha liko upande mwingine.

Jumatano, 15 Novemba

Kazi ya nyumbani: sentensi tatu kuhusu mmoja wa darasani, bila jina. Kesho wenzangu watabahatisha ni nani.

Nimeandika kuhusu – basi. Kwa Kifini ningejaza kitabu kizima na mtu asijue. Kiingereza kinauliza mlangoni kabisa: wa kiume au wa kike? Lugha mbea hii.

Nimeweka She, mara tatu. Kosa langu la kwanza la makusudi. Nimeliandika kwa mwandiko mzuri sana.

Alhamisi, 16 Novemba

Mwalimu amenakili sentensi zangu ubaoni kwa wino wa buluu, kila moja ikianza na She. Mtu huyu huimba puani akipiga hesabu. Humenya chungwa ganda lisikatike. Alinipa glavu yake kavu siku ya baridi kali, akavaa yangu iliyolowa.

Wasichana wote wakakana, mmoja mmoja, kama wako mahakamani. Uso wa Okko sikuthubutu kuutazama. Nilitazama soksi zake tu, maana viatu vyetu hubaki koridoni. Vidole vilikuwa vimejikunja.

Mwalimu akanigeukia. "Saimi, wewe hujakosea hili tangu darasa la tatu. Hapa kuna kosa moja, limerudiwa. Baada ya chakula utalisahihisha mwenyewe, kisha wenzako wabahatishe upya."

Supu ya njegere nilimsogezea Hilppa. Nikisahihisha, atajua. Akicheka, tutakuwa darasa moja hadi tumalize la tisa. Hilppa alikula pankeki yangu pia.

"Futa S tu, shoga. Herufi moja. Hata kalamu huhitaji."

Nikamwambia hajui anachosema.

"Na macho yaliyotoboa chungwa, je? Akicheka, hamia Uswidi. Nitakuletea nguo."

Natumaini. Natumaini nini, siandiki.

Baadaye. Naandika chini ya meza.

Tumerudi, na zile S hazipo. Hata moja! Zimebaki he, zenye h ndogo mwanzoni mwa sentensi. Hazikufutwa kwa kifutio – zimesuguliwa kwa kidole, wino umetapakaa. Nimemgeukia Hilppa. Ameninyooshea vidole vyote, visafi, mdomo wazi.

Mwalimu ameuliza ni nani aliyegusa ubao. Halafu Okko ameinua mkono, na ncha ya kidole chake ni ya buluu.

Mwalimu akataka kujua kwa nini anasahihisha kazi ya mwenzake, yeye ambaye yake mwenyewe humshinda.

"Aliyekosewa ni mimi," Okko amesema.

Hakuna aliyecheka. Hilppa amenibana goti hadi linauma. Mwalimu amevua miwani, akaivaa tena.

"Kwa Kiingereza, Okko. Sentensi kamili."

Amesimama. Masikio yamemwiva. Anafikiri – namwona anafikiri, kama mtu anayevuka barafu nyembamba. Ameanza na She. Amepatia. Kidole cha buluu kinaelekea kwangu, na kitenzi bado hakijatoka –