Picha ya Mwisho ya Tokuji

Wifi yangu Chizuru,

Figili ulizoniletea nimeshazitia chumvi, na theluji ya uani imeanza kuyeyuka. Mguu wako unaendeleaje?

Wenzetu wa chama cha picha wamenirudishia kamera ya kaka yako, waliyoiokota kando ya ziwa pale moyo wake uliposimama. Ndani mlikuwa na picha moja tu ya siku ile: bata-maji wakiruka kurudi kaskazini. Waliisafisha, wakaniomba niiandikie haiku, kama tulivyozoea miaka thelathini, yeye picha, mimi mistari mitatu.

Wifi, hili sijamwambia mtu. Asubuhi ile alisoma haiku niliyoiandikia picha yake ya awali ya bata, akacheka. "Mke wangu, bata nimeshawapiga picha. Mbona unawataja tena?" Nikanuna. Akaaga mlangoni, "Haya, naenda!" Nikamsikia akivaa viatu taratibu, akingoja nimjibu kama kawaida yetu. Sikumwitikia.

Jana tuliitundika picha katika ukumbi wa chama. Chini yake nimeandika:

Nenda salama:
neno nililobana
lavuka ziwa.

Bata sikuwataja.

Ni mimi wifi yako,
Fusae