Kompyuta Ni Mpya, Ila Kazi Yangu Haiiwezi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kwa sababu nimefika mahali ambapo sijui tena kama kosa ni la mashine au ni langu, na nyumbani kwangu hakuna anayetaka kunisikiliza. Majina yote humu nimeyabadilisha.

Mimi ni mke na mama, naishi Nyakoe, na kazi yangu ni kupiga video za harusi na mazishi kisha kuzihariri. Kompyuta yangu ya zamani ilipokufa nilimwambia mume wangu, Mogire, kwamba nitaenda mwenyewe Kisii mjini kuchagua nyingine, nikamweleza na ninachohitaji, RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, isiyopungua GB kumi na sita, prosesa yenye nguvu ya miaka ya karibuni na diski ya kasi ya SSD, lakini akasema wenye maduka wakiona mwanamke humdanganya, akaenda yeye, akarudi na kompyuta ya mezani ndani ya katoni yake, skrini kubwa inayong'aa, akawaita majirani waje waione. Nilipoiwasha nikakuta RAM ni nne, prosesa ni ya kuandikia barua, na diski ni ile ya kizamani inayozunguka. Nikamuuliza kwa upole kama inaweza kurudishwa. Akasema ina terabaiti moja, itanitosha mpaka nizeeke, na kwamba sina shukrani.

Basi nikanyamaza. Wakati huo nilikuwa nimepiga harusi ya msichana anayeitwa Linet, kule Gesima, na baba yake, Mzee Angwenyi, hakufika kanisani kwa sababu alikuwa kitandani akiugua, kwa hivyo kila aliyesimama mbele ya kamera alikuwa akimsalimu yeye, na Linet mwenyewe, akiwa na shela, alisimama kando ya shamba la majani chai la baba yake akamshukuru kwa lugha yetu ya Ekegusii kwa maneno yaliyonitoa machozi nikiwa nimeshika kamera. Niliahidi kuileta video haraka. Lakini kila nikifika mahali pa kuitoa kama video moja iliyokamilika kompyuta inaganda, naizima, naanza upya, inaganda tena. Nyanchoka, mama yake Linet, alikuwa akinipigia simu, wala hakunigombeza, aliniambia tu kwamba mzee ameuliza tena.

Mzee amefariki bila kuiona.

Tulipokwenda matangani, Mogire aliwaambia watu nikiwa nimeketi papo hapo, "Mashine nilimnunulia mpya kabisa. Ni yeye aliye mzito." Nyanchoka aliniangalia, kisha akageuza uso. Sasa nikitaja fundi, Mogire anasema ikifunguliwa waranti, ile dhamana ya duka, itaharibika, na dukani hataki kurudi kwa sababu anaona ni kukiri kwamba yeye ndiye aliyedanganywa. Mshauri, niambie ukweli: kompyuta hii inatosha na mimi ndiye sijui kazi?

Nyanchera, Nyakoe

JIBU

Nyanchera, pole sana. Swali lako nalijibu bila kuzunguka: kompyuta hiyo haitoshi. Terabaiti moja ni nafasi ya kuweka video, haiongezi nguvu ya kuzihariri. RAM nne inatosha kuandika barua na kusoma habari. Ukiifungulia harusi nzima inajaa, inaanza kuegemea diski ile ya polepole, na kila kitu kinasimama. Uliyomweleza mumeo yalikuwa sahihi, na wewe si mzito.

Mumeo alidanganywa dukani, na hilo linasameheka, watu hudanganywa kila siku. Kukuaibisha mbele ya wafiwa ni jambo jingine. Mwambie wazi, mkiwa wawili, kwamba alichosema matangani hakikuwa kweli na kilikuumiza. Asipokusikia, sema mbele ya mzee wa kanisa mnayemheshimu. Kisha fungua Task Manager, lile dirisha la kompyuta linaloonyesha matumizi ya RAM, wakati unahariri, aone mwenyewe RAM inavyojaa. Akiendelea kubisha baada ya hapo, ujue habishanii kompyuta.

Lakini nawe nakugombeza. Uliona siku ya kwanza kwamba mashine haiwezi, ukanyamaza ili nyumba itulie, na mgonjwa ndiye aliyeulipia ukimya wako. Yule mzee hakuhitaji muziki wala maandishi ya kupendeza. Alitaka kumwona binti yake. Ungebeba kamera hadi Gesima ukamwonyesha kwenye kile kiskrini kidogo, au ungemtumia Nyanchoka kipande kile cha Linet kwenye simu, kikiwa hakijahaririwa. Najua neno hili linauma. Nimeliandika kwa sababu kesho atakuja mteja mwingine mwenye mgonjwa.

Sasa fanya hivi. Rudi dukani wewe mwenyewe na risiti, mumeo akitaka aje, asipotaka abaki. Dai wabadilishe mashine nzima, maana prosesa hiyo itakuangusha hata ukiongeza RAM. Wakikataa kubadilisha, wao wenyewe waifungue na kuweka RAM na SSD, ili waranti isiwe kisingizio cha mtu, na hadi upate mashine inayofaa usipokee harusi nzima. Kabla ya kutoa pesa yoyote, weka video yako ndefu kwenye mashine mbele yao, uihariri ukiwa umeketi hapo dukani. Ikiganda, usiichukue.

Na kwa harusi ya Linet, usiingoje kompyuta hiyo. Omba nafasi kwenye mashine ya mwenzako anayefanya kazi kama yako, uimalize, uipeleke Gesima kwa mikono yako. Ukifika usimlaumu mumeo wala duka, kwa sababu mjane hana haja ya kusikia habari za RAM. Mwombe msamaha, umpe, na akikutaka uketi naye akiitazama, keti mpaka mwisho.